Mwalimu wa Mwalimu: Miaka Mia ya Mashine Chini ya Mlima Kenya

Mwezi Februari 2013, kilomita chache kutoka mjini Nanyuki, upande wa Kaunti ya Nyeri, shule ya upili ya Gakawa iliingia kwenye habari za dunia. Microsoft, serikali ya Kenya na kampuni ya Indigo Telecom walikuwa wameichagua kuwa mojawapo ya sehemu za kujaribia intaneti ya aina mpya. Badala ya kuchimba mitaro na kulaza nyaya, walitumia masafa ya televisheni yaliyokaa bure, yale mapengo yanayobaki kati ya stesheni moja na nyingine. Masafa hayo husafiri mbali, na miti na vilima haviyasumbui kama vinavyosumbua Wi-Fi ya kawaida. Umeme ulitoka kwa jua. Mradi ukaitwa Mawingu, jina tamu kwa mahali ambapo kila asubuhi watu huangalia kama mlima umejifunika au uko wazi.

Habari kama hiyo huandikwa kwa namna moja siku zote. Kuna mnara, kuna watoto wanaotabasamu mbele ya kompyuta, kuna mgeni aliyevaa suti. Mwalimu anaonekana pembeni, kama anaonekana kabisa. Lakini hebu tuulize swali la mtu anayefahamu shule zetu: mafundi wakishashuka mnarani na kurudi Nairobi, nani anabaki kumwonyesha mwalimu wa kemia, mwenye vipindi vingi na daftari za kusahihisha hadi usiku, namna ya kukitumia kile kitu kufundisha?

Swali hilo halikuanza na Microsoft. Lina umri wa miaka mia moja hivi katika miji hii inayouzunguka mlima: Nyeri, Karatina, Nanyuki, Murang'a. Kila kizazi hapa kimeletewa mashine yake, na kila kizazi kimeambiwa kwamba hii sasa ndiyo itabadilisha elimu. Ukiifuatilia historia hiyo polepole, unaona kwamba kilichoamua kama mashine itafundisha au itakaa kabatini mara nyingi kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko mashine yenyewe. Ni kama kulikuwa na mtu aliyepewa kazi, muda na nauli ya kumfundisha mwalimu.

Kitabu na mwalimu anayetembea

Mashine ya kwanza ilikuwa ile ya kuchapa. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata, kutoka Turin, Italia, walifika nchi ya Wagĩkũyũ mwaka 1902, na muda si mrefu wakajenga makao Mathari, Nyeri. Waskoti wa Kipresbiteri nao wakashika Tumutumu, karibu na Karatina. Mwaka 1916 Wakatoliki wa Nyeri wakaanza kutoa gazeti la Kigĩkũyũ, Wathiomo Mukinyu, yaani Rafiki wa Kweli. Maandishi yakawa na nguvu kiasi kwamba Mkristo na msomaji vikawa kitu kimoja katika lugha ya watu: mtu aliyeingia misheni aliitwa mũthomi, msomaji.

Tatizo ni kwamba vitabu vilienda mbio kuliko walimu. Misheni zilifungua vishule vidogo huko vijijini, na waliotumwa kuvifundisha mara nyingi walikuwa vijana waliojua kusoma juzi tu. Kijana alimaliza kitabu cha kwanza, akapewa ubao na kijiji. Alichofundisha ni kile alichokikumbuka. Akikwama, hakuna wa kumuuliza.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Kenya kukagua elimu ya Waafrika. Mmoja wa wanachama wake alikuwa James Aggrey, msomi wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Matokeo yake, mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa msaada wa fedha za Carnegie. Jina lilitoka kwa Anna Jeanes, tajiri wa Philadelphia ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za watu weusi huko kusini mwa Marekani. Wazo lenyewe lilikuwa limejaribiwa na mwalimu mweusi wa jimbo la Virginia, Virginia Randolph. Mwaka 1908 alipewa kazi ya kuzunguka shule moja hadi nyingine, akikaa na walimu, akiwafundisha kazi papo hapo.

Wazo hilo likavuka bahari. Misheni ziliwachagua walimu wenye uzoefu na kuwapeleka Kabete pamoja na wake zao na watoto. Walikaa huko, wakajifunza kufundisha, kilimo, usafi na namna ya kusimamia shule. Walirudi nyumbani na kazi mpya kabisa: kuzunguka vishule vya eneo lao, kukaa darasani na mwalimu mchanga, kumwonyesha.

Tusiipambe. Jeanes ilikuwa elimu ya kikoloni, na wengi waliiona kama njia ya kumweka Mwafrika kwenye jembe na useremala huku watoto wa walowezi wakisoma Kilatini. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo miradi mingi ya baadaye ililisahau: mwalimu hujifunza vizuri akiwa darasani mwake, na watoto wake, pamoja na mtu anayerudi tena mwezi ujao kuona kama limeshika. Leo mahali pale Kabete ni Chuo cha Serikali cha Kenya, na wanaofundishwa hapo ni maafisa wa serikali. Sijui kama wakati wa chai kuna anayewasimulia.

Rika zinashindana kujenga chuo

Mwaka 1929 mambo yalilipuka. Misheni za Kiprotestanti zilipiga vita tohara ya wasichana, na zikawataka waumini na walimu wao waahidi kwa maandishi kuachana nayo. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba, na ndiyo maana ugomvi ule ukaitwa kirore, alama ya kidole. Aliyekataa alipoteza kazi au nafasi ya mtoto wake darasani. Mtu anaweza leo kuipinga tohara ile kwa moyo wake wote, kama ninavyoipinga mimi, na bado akaona kwamba kwa wazazi wengi swali lililobaki mezani lilikuwa lingine: shule ni ya nani?

Jibu lao lilikuwa kujenga zao. Miaka ya 1930 vikazaliwa vyama viwili vya shule za kujitegemea: KISA, na kile cha Karĩng'a. Nyeri na Murang'a zikajaa shule zilizojengwa na wazazi wenyewe kwa miti, udongo na mabati. Na hapo hapo wakagonga ukuta uleule: madarasa yapo, watoto wapo, walimu waliofunzwa wako wapi? Vyuo vya ualimu vilikuwa mikononi mwa misheni na serikali, yaani mikononi mwa watu waliokuwa wamegombana nao.

Walichofanya bado kinanishangaza. Januari 1939, Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza, alifungua Kenya African Teachers' College kule Githunguri, Kiambu. Pesa zilitoka kwa wananchi. Rika mbalimbali, yaani watu waliotahiriwa msimu mmoja, zilishindana kuchanga, hakuna rika lililotaka kuaibishwa na jingine. Wanawake nao wakachanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, hapo ndipo alipokuja kuwa mwalimu mkuu mwaka uliofuata.

Fikiria maana yake. Watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi, wanaolipa kodi ya nyumba, walikaa chini wakaamua kwamba kitu cha thamani zaidi wanachoweza kununua kwa pamoja ni mwalimu aliyefunzwa vizuri. Hawakuwa na mfadhili. Walielewa tu kwamba shule bila mwalimu ni banda.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Shule za kujitegemea zikafungwa au zikatwaliwa, na Githunguri ikafungwa pia. Majengo yaliyochangiwa na rika za wananchi yakageuzwa gereza, na ndani yake watu wakanyongwa. Mahali pa kumfundisha mwalimu palifanywa mahali pa kitanzi. Serikali ile ilijua vizuri ni kitu gani ilikuwa inakiogopa.

Masomo kwa posta, masomo kwa redio

Uhuru ulipofika, watoto walimiminika shuleni na walimu hawakutosha. Maelfu ya waliokuwa wakifundisha hawakuwa na cheti. Ungefanya nini? Kuwaondoa wote waende chuoni ni kufunga shule.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta pale Kikuyu, kwa msaada wa Marekani. Mwalimu aliyekuwa kijijini alipokea masomo kwenye sanduku la posta, akafanya mazoezi usiku kwa taa ya mafuta, akayatuma, yakarudi yamesahihishwa. Redio ya taifa ikarusha vipindi vya kuandamana na masomo hayo. Aliyefaulu alipandishwa daraja, na daraja lilimaanisha mshahara. Tunapenda kudhani kwamba kusoma ukiwa mbali kuligunduliwa na Zoom, bana. Kuna bibi na babu wengi waliopata cheti cha ualimu kwa bahasha na redio ya betri.

Kati ya 1980 na 1985 redio ilijaribiwa kwa njia nyingine. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, kwa ufadhili wa Marekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kwa madarasa ya kwanza hadi ya tatu. Sauti ndani ya redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, redio ikaendelea. Mwalimu alikuwa anasimamia, na wakati huohuo yeye mwenyewe alikuwa anasikia namna nyingine ya kupanga somo. Watoto walionyesha maendeleo, na vipindi hivyo vikasafiri hadi Lesotho, ambako vilibadilishwa na kutumika. Hapa kwetu muda wa mradi ulikwisha, na haukuwahi kuwa sehemu ya kawaida ya kila shule. Kilichozaliwa Kenya kikaenda kulelewa ugenini.

Wakati huo Nyeri ilikuwa imeanza jambo lake. Mwaka 1972 wananchi walichanga tena, safari hii kwa jina jipya la tabia ya zamani, harambee, wakaanzisha Kimathi Institute of Technology. Dedan Kimathi alikuwa amefundisha shule kwa muda kabla ya kuingia msituni, na hata huko Nyandarua alisisitiza mikutano iandikwe na kumbukumbu zitunzwe. Chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili Desemba 2012. Mwaka 2015 ndipo mkutano wa kwanza wa Data Science Africa ulipofanyika, hapo hapo Nyeri, ukiwa na mafunzo ya vitendo kwa wanafunzi na watafiti. Jina la mwalimu wa kijijini sasa liko juu ya lango la chuo cha teknolojia. Ni vizuri kukumbuka kwamba walionunua lango hilo ni wakulima wa kahawa na majani chai.

Maji yanavyopungua mferejini

Mwaka 1998, Kenya na Japani kupitia shirika la JICA walianza mradi wa SMASSE, wa kuboresha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Ulianza na wilaya tisa za majaribio, Murang'a na Maragua zikiwemo. Msingi wake ulikuwa rahisi: somo liwe na shughuli, mwanafunzi awe katikati, majaribio yafanywe, na vifaa visipokuwepo mwalimu avibuni kwa chupa, mshumaa na waya. Walimu walikutana wakati wa likizo, na sehemu ya karo ya wanafunzi ilitengwa kulipia mikutano hiyo. Yaani mtu alikuwa amekaa chini akapiga hesabu ya nauli na chakula cha mwalimu, na ndiyo maana mradi huo ulidumu na kuenea nchi nzima.

Udhaifu wake ni ule wa mfereji mrefu. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha walimu, na walimu wakarudi kwa wenzao shuleni. Kila hatua maji yanapungua kidogo. Ukifika shambani mwa mwisho, unakuta ardhi imelowa juu tu. Dawa ya hali hiyo ilikuwepo tayari: vituo vya TAC, ambavyo tangu miaka ya 1970 vilikuwa na mkufunzi wa kuzunguka shule za msingi za eneo lake, kwa miguu, kwa matatu, wengine kwa pikipiki. Huyo ni mjukuu wa mwalimu wa Jeanes. Leo anaitwa afisa wa kusaidia mtaala, na shule anazopaswa kuzifikia ni nyingi kuliko siku za wiki.

Halafu zikaja laptopu. Kampeni ya 2013 iliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta yake. Zabuni ya kwanza ilivunjika kwa kesi. Mwaka 2016 mpango ulirudi na tableti, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Shule nyingi zilipata stima kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mpango huo, na hilo peke yake si jambo dogo. Kila shule ilipewa tableti za watoto, projekta, kifaa cha kuhifadhia masomo, na vifaa viwili vya walimu.

Viwili. Shule yenye walimu kumi na wanne, vifaa viwili. Mafunzo yalikuwepo, ya siku chache, kwa walimu wachache wa kila shule, ambao walitarajiwa kurudi na kuwafundisha wenzao. Mfereji uleule. Baada ya hapo magazeti yakaanza kuripoti tableti zilizofungiwa makabatini, na sababu hazikuwa uvivu. Mwalimu mkuu alikuwa amesaini kuzipokea, zikiibwa yeye ndiye wa kuulizwa. Kwa hiyo aliweka kufuli. Ungekuwa wewe na mshahara wako, ungefanya nini?

Hapa ndipo uongozi wa shule unapoingia, na naona tumeuelewa vibaya. Tulimpa mwalimu mkuu kazi ya mlinzi wa ghala, tukashangaa kwa nini analinda. Kuongoza teknolojia shuleni ni mambo ya kawaida kabisa: nani anashika ufunguo, nani anapunguziwa vipindi viwili kwa wiki ili akae na wenzake, nani anaruhusiwa kukosea mbele ya darasa bila kuchekwa na bosi, na kifaa kikianguka kikavunjika nani analipa. Shule yenye majibu ya maswali hayo inaweza kufundisha kwa kompyuta tatu. Isiyo nayo haitafundisha hata kwa mia tatu.

Shilingi elfu sita

Machi 2020 korona ilifunga shule zote nchini. Tulirudi wapi? Kwenye redio. Vipindi vya masomo vikasikika tena hewani, pamoja na televisheni na YouTube, na mwalimu aliyekuwa Othaya au Kieni akajikuta ananunua bando kwa pesa yake ili atume kazi kwa WhatsApp. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kufundisha hivyo. Walijifunza usiku, wakiulizana kwenye magrupu.

Septemba 2021, TSC, tume inayowaajiri walimu, ilizindua mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu wote, kupitia taasisi nne zilizochaguliwa. Wazo la mwalimu kuendelea kujifunza maisha yake yote kazini ni zuri, sina ugomvi nalo. Lakini mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu walilalamika, na chama chao cha KNUT kikaukataa mpango kwa masharti hayo. Mitandaoni wakaambiwa ni wavivu wanaoogopa kusoma.

Sikubaliani, na historia ya mlima huu ndiyo inayonikataza. Kabete, waliokwenda na familia zao hawakulipia safari yao ya kujifunza. Githunguri ililipiwa na rika na wanawake. Masomo ya posta yalimpandishia mwalimu mshahara. SMASSE ilitengewa fungu. Kila mara mafunzo ya walimu yalipofanya kazi, kulikuwa na mtu mwingine aliyeshika angalau sehemu ya gharama, kwa sababu faida yake ni ya wote. Mtoto wa jirani anaposoma vizuri, kijiji kizima kinapata daktari.

Leo kuna mtaala mpya unaotaja ujuzi wa dijitali kama umahiri wa msingi kwa kila mtoto, na mitambo ya akili unde iko kwenye simu za wanafunzi kabla haijafika kwenye ofisi ya walimu. Tutasikia tena kwamba hii sasa ndiyo itabadilisha elimu. Inawezekana. Kwa hiyo safari nyingine utakapoona tangazo la vifaa vipya vya shule, ruka picha, tafuta bajeti. Angalia kama kuna mstari wa mtu wa kuzunguka shule, wa muda wa mwalimu kukaa na mwenzake, wa nauli yake. Kama haupo, uliza kwa nini, na umuulize mbunge wako kwa jina. Wazazi wa mwaka 1939 walikuwa na pesa kidogo kuliko sisi, na swali hilo walilijibu.